Je, gome la mjafari linapunguza uvimbe kweli? Namna ya kulipima kwa vifaa vya chuo

Swali: Nasoma famasia mwaka wa mwisho. Bibi yangu, Handeni, huchemsha gome la mzizi wa mjafari na kuwapa watu wenye viungo vilivyovimba. Nataka kulipima kwa ajili ya utafiti wangu wa kumaliza chuo. Tuna chumba cha panya na mizani nzuri, ila hatuna plethismomita (chombo cha kupima ujazo wa mguu wa panya), na bajeti yangu haifiki hata robo ya vifaa vya kupima saitokini, zile protini zinazobeba ujumbe wa uvimbe mwilini. Wenzangu wanasema nifanye kipimo cha ute wa yai tu, kinatosha. Ni kweli? Na matokeo yakiwa mazuri, bibi anaweza kuandika kwenye chupa kwamba dawa imethibitishwa?

Jibu: Nianze na yale mafupi. Kipimo cha ute wa yai peke yake hakitoshi, sababu utaziona huko chini. Plethismomita si lazima, kwa kuwa mizani yako inaweza kuifanya kazi ileile. Suala la chupa tuliache mwisho. Katikati hapo ndipo penye kazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla panya hajaguswa. Tafiti nyingi za miti shamba huharibikia kwenye mti wenyewe na kwenye dozi, mashine husingiziwa tu.

Kwanza mti

Jina "mjafari" halitoshi kwenye ripoti. Kwa kawaida watu humaanisha Zanthoxylum chalybeum, mti mdogo wa nyika kavu ambao shina lake likikomaa huota vinundu vinene vya gome, kila kimoja na mwiba wake, na majani yake ukiyafikicha yananukia ndimu. Lakini ukanda wa pwani una ndugu yake, Z. holtzianum, na nyanda za juu zina Z. usambarense. Si ajabu wachuma dawa wawili wakakuletea miti miwili tofauti kwa jina moja.

Kwa hiyo siku ya kuchuma, kata tawi lenye majani na maua au matunda, libane kati ya magazeti, badilisha magazeti kila siku mpaka likauke, kisha lipeleke hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) pamoja na tarehe, mahali (soma GPS ya simu), urefu wa mti na jina alilolitaja bibi. Hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inafanya kazi hii, na ile ya taifa iliyoko Arusha pia. Utapewa namba ya sampuli, na namba hiyo ndiyo itakayomwezesha mtu mwingine kurudia kazi yako. Tawi lisilo na ua wala tunda mtaalamu anaweza kukataa kulitaja mpaka spishi, na atakuwa na haki.

Gome lenyewe lichukue kwenye mizizi ya pembeni, ukichimba hatua moja hivi kutoka kwenye shina, upande mmoja tu. Usiguse mzizi mkuu wala usizungushe kisu kwenye shina, maana mti uliobanduliwa gome mzunguko mzima hufa. Chukua kwenye miti mitano hivi na uchanganye, kwa sababu kemikali za mti mmoja na wa jirani yake hutofautiana. Andika kama ni masika au kiangazi. Gome bichi kilo moja litakutosha kwa kila kitu nitakachokitaja.

Usinunue unga uliokwisha kusagwa sokoni, hata kama ni nafuu. Dawa za unga za viungo zimekuwa zikikamatwa sehemu mbalimbali duniani zikiwa zimechanganywa na steroidi au dawa za maumivu za hospitali. Unga wenye deksamethasoni, ambayo ni steroidi, utakupa matokeo ya kupendeza sana, na yatakuwa ya deksamethasoni.

Kabla hujaondoka kwa bibi, kaa naye mwandikishane. Iwe wazi kwenye karatasi kwamba elimu hii imetoka kwake, jina lake litatajwa au halitatajwa kama apendavyo, na kama kitakuja kupatikana cha kugawana, naye yumo. Kamati ya maadili ya chuo itakuuliza hilo, na itakuuliza vilevile kuhusu panya. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na bila kibali usichome panya hata mmoja.

Pima kile ambacho bibi anampa mgonjwa

Wanafunzi wengi huloweka unga kwenye methanoli kwa sababu ndivyo walivyosoma kwenye makala. Methanoli hutoa vitu vingi, sawa, lakini bibi hachemshi kwa methanoli. Ukipata matokeo utakuwa umejibu swali ambalo hakuna aliyekuuliza, na ukikosa hutajua kama dawa ya bibi ni bure au ni kiyeyushi chako kilichoacha kitu nyuma. Kwa bajeti ndogo chagua kimoja, nacho kiwe mchemsho wa maji. Ethanoli ya 70% inaweza kuja mwaka mwingine.

Mwombe bibi achote gome kama anavyomchotea mgonjwa, uliweke kwenye mizani. Afanye hivyo mara tatu, uchukue wastani. Tuseme ni gramu 20 za gome kavu kwa lita moja, linachemshwa mpaka maji yabaki nusu lita, na mgonjwa anakunywa nusu kikombe, mililita 125, asubuhi na jioni. Basi kwa siku anakunywa nusu ya chungu, yaani nguvu ya gramu 10 za gome.

Nyumbani kwako kausha gome kivulini penye upepo mpaka livunjike kwa mlio ukilipinda. Juani hapana, na kwenye mfuko wa plastiki hapana kabisa, litaota ukungu. Saga, chekecha, hifadhi kwenye chupa yenye kifuniko kigumu. Chemsha gramu 250 za unga kwa uwiano uleule wa bibi, yaani lita 12.5 kwa mafungu, kwenye sufuria ya chuma cha pua au ya vigae. Chungu cha chuma cha kawaida hakifai: tanini za gome hushikana na chuma na mchuzi wote unageuka mweusi. Chuja kwa kitambaa safi, kisha kwa karatasi ya chujio. Kama chuo kina mashine ya kukausha kwa kugandisha, tumia hiyo. Kama hakuna, mimina kwenye sahani pana na ukaushe kwenye oveni kwa nyuzi 45 hadi 50 mpaka uzito uache kushuka. Unachobaki nacho, unga au kitu kama gundi kavu, ndicho tutakachokiita ziduo. Weka kwenye friji, chupa imefungwa vizuri, kwa sababu hunyonya unyevu haraka.

Pima uzito wake. Gramu 20 kutoka kwenye gramu 250 ni asilimia 8, na hii ndiyo namba itakayokupa dozi. Gramu 10 za gome anazokunywa mgonjwa ni sawa na gramu 0.8 za ziduo. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni miligramu 13 kwa kila kilo ya mwili. Panya huiondoa dawa mwilini haraka kuliko mtu, kwa hiyo dozi ya mtu huzidishwa kwa 6.2 ili kupata ya panya: 13.3 mara 6.2 ni kama miligramu 83 kwa kilo. Sasa zile dozi za 100, 200 na 400 unazoziona kwenye kila makala zinaanza kuwa na maana. Ya 100 iko karibu na kikombe cha bibi, ya 400 ni karibu mara tano yake. Ziduo likifanya kazi kwenye 400 tu, si haki kusema kikombe cha bibi kimefanya kazi. Weka hesabu ya bibi yako mwenyewe, hizi zangu ni za mfano.

Unahitaji ziduo kiasi gani? Panya wa gramu 200 kwa dozi ya 400 hula miligramu 80, kwa 200 hula 40, kwa 100 hula 20. Panya sita kwa kila dozi ni miligramu 840 jumla. Kipimo cha usalama kitakula takriban gramu 2.4. Gramu 20 zitakuacha na akiba ya kurudia kazi na ya kumpa mtu wa kemia.

Usalama kabla ya uvimbe

Tumia mwongozo wa OECD namba 423, ule wa kimataifa wa kupima sumu ya dozi moja. Panya jike watatu, waliofunga usiku kucha, kila mmoja apewe miligramu 2000 kwa kilo kwa mdomo. Kwa panya wa gramu 200 hiyo ni miligramu 400. Ukiziweka kwenye mililita 2 utapata uji usiopita kwenye sindano ya kulishia, kwa hiyo tumia mililita 4. Dawa ya maji inaruhusiwa kufika mililita 2 kwa kila gramu 100 za mwili. Watazame nusu saa ya kwanza bila kuondoka, kisha kwa saa nne, kisha kila siku kwa siku 14: manyoya kusimama, kutetemeka, kuharisha, kulala kupita kiasi, uzito kushuka. Wakipona wote, rudia kwa watatu wengine.

Usiruke hatua hii kwa sababu "wazee wanakunywa tangu zamani". Miti ya jenasi hii ina alkaloidi kama kelerithrini na nitidini ambazo huua seli kwenye vyombo vya maabara. Zaidi ya hapo, panya mgonjwa, aliyeishiwa maji au ambaye presha yake imeshuka, havimbi vizuri. Sumu inaweza kujionyesha kwenye jedwali lako ikiwa imevaa joho la dawa ya uvimbe.

Siku ya uvimbe

Jaribio ni lile lililoelezwa na Winter na wenzake mwaka 1962: unachoma karaginani chini ya wayo wa mguu wa nyuma wa panya, mguu unavimba kwa saa chache, unapima.

Karaginani hutoka kwenye mwani, na hapa msomaji wa pwani atauliza kama ule unaolimwa Paje na Jambiani unafaa. Haufai. Spinosum hutoa karaginani ya aina ya iota na cottonii hutoa kappa, na zote mbili huganda kama jeli. Unayohitaji ni lambda, isiyoganda, inayoyeyuka kwenye maji baridi na kupita kwenye sindano nyembamba. Soma kibandiko cha chupa kabla ya kulipa. "Karaginani" bila herufi ya aina mara nyingi ni mchanganyiko wa kiwandani wa kutengenezea vyakula, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya kundi linganishi (panya wasiopewa dawa) kutovimba.

Pima miligramu 100, uzinyunyize kidogo kidogo juu ya mililita 10 za maji ya chumvi ya hospitali ya 0.9% huku ukikoroga. Ukimwaga unga wote kwa mpigo unapata mabonge yaliyolowa nje na kukauka ndani, na hata ukoroge hadi jioni hayayeyuki. Funika, acha kwenye friji usiku kucha, asubuhi liache lirudi joto la chumba. Tengeneza jipya kwa kila siku ya kazi.

Panya wawe thelathini, jinsi moja, gramu 150 hadi 200, wamekaa kwenye chumba hicho angalau wiki moja. Wiki hiyo washikwe kila siku, wafungwe kwenye kitambaa, miguu yao ichovywe majini kama itakavyokuwa siku yenyewe. Hii si huruma peke yake, ni sayansi: panya aliyeshtuka hutoa kotikosteroni, nayo ni dawa ya uvimbe ya mwili wenyewe. Panya waoga hukupa kundi linganishi lililovimba kiduchu, na kila kitu kinapotea humo.

Makundi ni matano, sita kwa sita: kiyeyushi peke yake (hilo ndilo kundi linganishi), indomethasini, dawa ya hospitali ya uvimbe, miligramu 10 kwa kilo, na ziduo kwa dozi tatu. Gawa kwa kura, si kwa kuchukua wale wanaoshikika kirahisi kwanza. Na usiwafanye wote siku moja. Panya mmoja huchukua dakika tatu kumpima kwa utulivu, thelathini ni saa moja na nusu, na wewe unatakiwa kurudi kwa wa kwanza kila baada ya saa moja. Fanya siku mbili, kumi na tano kila siku, watatu kutoka kila kundi. Kosa la kufisha hapa ni kufanya kundi linganishi Jumatatu na ziduo Jumanne. Hapo huwezi tena kutofautisha dawa na siku.

Wafunge kula tangu jioni, maji wanywe. Saa 2 asubuhi weka alama kwa kalamu isiyofutika juu kidogo ya kifundo cha nje cha mguu wa kulia, pima ujazo wa kuanzia, kisha mpe kila mmoja dawa yake kwa mdomo, mililita 10 kwa kilo. Saa 3 mchome mililita 0.1 za karaginani. Tumia bomba la mililita moja na sindano ya geji 26 au 27. Ingiza kuanzia upande wa vidole kuelekea kisigino, chini ya ngozi tu, sukuma polepole, hesabu mpaka tano ndipo uitoe. Ukiitoa haraka tone linarudi nje na mguu huo hautavimba. Ukiona tone limetoka, andika kwenye daftari papo hapo, kabla hujajua panya huyo ni wa kundi gani. Kisha pima saa 4, 5, 6, 7 na 8. Wachelewesheane kwa dakika tatu tangu mwanzo ili kila mmoja apimwe kwa saa yake kamili.

Sasa kupima bila plethismomita. Weka bika ya maji kwenye mizani inayosoma gramu 0.01, udondoshe tone moja la sabuni ya maji ili manyoya yasikamate viputo vya hewa. Bonyeza mizani irudi sifuri. Mshikaji amzungushie panya kitambaa, ashushe mguu majini mpaka kwenye alama, bila kugusa ukingo wala kitako cha bika. Gramu zinazoongezeka ndizo mililita za mguu, kwa kuwa maji yaliyosukumwa yana gramu moja kwa mililita. Soma mara tatu, chukua namba ya katikati. Uzuri wa njia hii kuliko ile ya kusoma mchirizi wa maji kwenye mrija ni kwamba maji yanayoondoka na manyoya hayakusumbui: unarudisha sifuri kabla ya kila mguu. Ubaya wake ni panya anayetikisika, na feni. Zima feni.

Jipime mwenyewe kwanza. Chukua panya ambao hawajachomwa, pima mguu uleule mara tatu bila kuona namba ya awali. Ikiwa namba zako zinapishana kwa zaidi ya mililita 0.05, mkono wako haujawa tayari, kwa sababu tofauti unayotafuta inaweza kuwa 0.15 tu.

Anayelisha dawa na anayepima wawe watu wawili tofauti. Ziduo ni la kahawia, kiyeyushi ni cheupe, kwa hiyo kuandika A, B, C kwenye chupa hakumfichi kitu anayelisha. Anayepima ndiye asijue kabisa, na orodha ya makundi ifungwe kwenye bahasha mpaka namba ya mwisho iandikwe.

Baada ya kipimo cha saa 8 mchana wanyama wauawe kwa njia iliyoidhinishwa kwenye kibali chako. Mguu uliochomwa karaginani unauma, na panya huyo hatumiki tena kwa jaribio jingine. Ukishamaliza, fungua matumbo uangalie kuta: wa indomethasini mara nyingi watakuwa na vidonda vidogo vyekundu. Kama wa mjafari hawana, hiyo ni habari inayofaa kuandikwa, na haikugharimu shilingi.

Mahali pengine kazi inapoharibikia

Indomethasini haiyeyuki kwenye maji. Ukiikoroga tu, inazama chini, panya wa kwanza anapata maji na wa mwisho anapata dozi mbili. Iyeyushe kwenye sodiamu baikaboneti ya 2%, au uining'inize kwenye CMC (selulosi inayofanya maji yawe mazito) ya 0.5% na utikise kabla ya kila bomba. Chochote utakachotumia, kundi linganishi nalo lipate kiyeyushi hichohicho. Kama indomethasini haikupunguza uvimbe angalau kwa asilimia 40 kwenye saa ya tatu baada ya kuchoma, siku hiyo haisomeki. Usiseme mjafari umeishinda indomethasini, sema jaribio lilivurugika, tafuta sababu.

DMSO, kiyeyushi cha maabara, isitumike kuyeyusha ziduo, kwa sababu yenyewe hupunguza uvimbe.

Halafu kuna sindano ya tumboni. Utaona makala nyingi zimechoma ziduo moja kwa moja kwenye uwazi wa tumbo, na matokeo yake ni makubwa kuliko ya mdomoni. Ukichoma kitu kinachowasha tumboni, mwili huelekeza nguvu huko na mguu unavimba kidogo, hata kama kitu hicho hakina udawa wowote. Gome la mjafari linawasha na kuganzisha ulimi. Lionje chembe utajua. Bibi anatoa kwa mdomo, wewe pia toa kwa mdomo.

Kuhusu ute wa yai

Wenzako wanaupenda kwa sababu unahitaji yai, bafu ya maji moto na spektrofotomita. Unachanganya ute na bafa na ziduo, unapasha moto nyuzi 70, unasoma ukungu kwenye nanomita 660, na kitu kinachozuia protini isigande kinatangazwa kuwa kinazuia uvimbe. Shida ni kwamba uvimbe wa kiungo hauji kwa protini kuchemka. Na magome yana tanini nyingi, na tanini hushika protini zenyewe, mara zikiongeza ukungu, mara zikiupunguza, kutegemea kiasi. Rangi ya ziduo nayo husomwa kama ukungu usipoweka chupa ya ziduo bila ute. Ukipenda kiweke kama nyongeza, lakini usijenge hitimisho juu yake.

Kama siku moja utapata maabara yenye seli za RAW 264.7 (seli za kinga za panya zinazokuzwa maabara), kipimo cha naitriki oksaidi kwa kitendanishi cha Griess ni bora mara nyingi. Sharti moja: pima na uhai wa seli, kwa mfano kwa MTT, rangi inayobadilishwa na seli hai. Seli zilizokufa hazitoi naitriki oksaidi, na kwa alkaloidi za jenasi hii hatari ya kuziua na kuita hiyo tiba ni kubwa.

Kusoma namba

Kwa kila panya toa ujazo wa kuanzia kwenye ujazo wa kila saa. Unabaki na ongezeko. Asilimia ya kuzuia ni ongezeko la kundi linganishi ukitoa la kundi la dawa, gawanya kwa la kundi linganishi, zidisha kwa 100. Mfano wa kubuni: kwenye saa ya tatu kundi linganishi limeongezeka mililita 0.62, ziduo la 100 limeongezeka 0.51, la 200 ni 0.41, la 400 ni 0.38, indomethasini 0.24. Kuzuia ni asilimia 18, 34, 39 na 61. Hapa dozi imepanda lakini faida imeanza kusimama kati ya 200 na 400, jambo la kawaida kwa ziduo ghafi. Na kile cha karibu na kikombe cha bibi, asilimia 18, kwa panya sita huenda kisitofautike na bahati tu.

Amua kabla ya jaribio kwamba saa ya tatu ndiyo utakayoihukumia, uandike kwenye pendekezo lako la utafiti. Ukingoja kuona namba ndipo uchague saa, utaipata tu moja yenye nyota, ile alama ya tofauti ya kitakwimu. Tumia ANOVA, kipimo cha takwimu kinacholinganisha makundi yote kwa pamoja, kisha kipimo cha Dunnett kinacholinganisha kila kundi na lile linganishi. Usirundike vipimo vya t, vinavyolinganisha makundi mawili mawili. Onyesha nukta ya kila panya kwenye mchoro, pamoja na mkengeuko sanifu.

Uvimbe huu una awamu. Saa moja na nusu ya kwanza ni ya histamini na serotonini, kisha bradikinini, na kuanzia saa mbili na nusu hivi prostaglandini ndizo zinazotawala. Ziduo linaloshusha uvimbe kuanzia saa ya tatu linakupa dokezo la kuelekea prostaglandini. Liandike kama dokezo. Aandikaye "linazuia COX-2" (kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini) bila kupima COX-2 anastahili maswali atakayoulizwa siku ya kutetea.

Sasa chupa ya bibi

Hapana, asiandike "imethibitishwa". Jaribio lako, likienda vizuri kabisa, litasema kwamba mchemsho huu ulipunguza uvimbe wa ghafla wa saa tano kwenye mguu wa panya waliopewa dawa kabla ya kuvimba. Wagonjwa wa bibi wamevimba miezi na miaka, na wanakunywa baada ya kuvimba. Hatua ya karibu zaidi na hali yao ni panya wa baridi yabisi ya kutengenezwa kwa ajuvanti ya Freund (mchanganyiko unaochochea kinga ya mwili), wanaofuatwa kwa wiki tatu hadi nne, nayo inataka kibali kikali zaidi na fedha ambazo huna sasa. Pamoja nayo itahitajika dozi ya kila siku kwa siku 28 na kuangalia ini na figo, kwa sababu mtu wa viungo hanywi dawa mara moja.

Anachoweza kufanya sasa ni kupitia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo ndilo linalosajili waganga na dawa zao. Ripoti yako, namba ya hebaria na matokeo ya usalama vitamsaidia kwenye faili lake. Mwambie pia kipimo chako cha gramu kwa lita, na umpe mizani ndogo ya jikoni kama unaweza. Ukiona kwamba michoto yake mitatu ilipishana sana, kwa mfano gramu 12, 20 na 31, hilo ndilo la kurekebisha mwanzo, hata kabla panya hawajaletwa.

Na wagonjwa wake wanaotumia diklofenaki au dawa za kulainisha damu waambiwe wamjulishe daktari kwamba wanakunywa mjafari.